Dereva wa Lori la Baridi na Deni Lisilo Lake

Ukifika Same usiku wa manane, mabasi yamekwisha kupita na mji umelala, utasikia ngurumo kando ya barabara kuu. Si injini ya lori, maana lori limezimwa. Ni mashine ya baridi iliyofungwa mbele ya bodi la mzigo, yenye injini yake na tangi lake la dizeli, na haizimwi mpaka mzigo ufike. Dereva analala papo hapo, kichwa karibu na ngurumo, kama kweli analala.

Juma lililopita nilikaa mezani na mmoja wao, sahani za makande mbele yetu. (Ukipita Upareni bila kula makande, umepita bure.) Alikuwa akipeleka samaki wa kugandishwa Arusha kutoka Dar es Salaam. Nikamwuliza swali ambalo vijana wa hapa huniuliza kila mara: kazi hii inaizidi nini ile ya lori la kawaida?

Hakunificha. Posho yake ya safari ni nono kuliko ile aliyopata alipokuwa akiendesha Fuso la tangawizi kutoka Mamba Miamba. Hakuna turubai wala kamba, wala kupanda juu ya magunia mvua inakunyeshea. Milango inafungwa kwa lakiri ghalani na kufunguliwa na mpokeaji, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia kwamba ameuza mzigo njiani. Tena kazi ipo mwaka mzima. Samaki, nyama, maziwa na chanjo havingoji msimu kama vitunguu.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika jambo ambalo wengi hatulijui. Mashine ile haikutengenezwa kupoza mzigo wa moto. Kazi yake ni kuutunza mzigo uliokwisha kupozwa. Samaki wa kugandishwa wanatakiwa wakae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Chanjo nyingi zinataka kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi zikiganda tu zimekufa. Ndizi nazo zikipata baridi ya chini ya nyuzi 13, ganda linaanza kuwa jeusi. Sasa karani wa ghala akipakia samaki walioanza kulegea, au akijaza maboksi hadi darini hewa isipate pa kupita, mzigo umeharibika kabla lori halijatoka getini. Dereva hajui. Anashika njia ya Chalinze, Segera, Mombo na Hedaru, jua la tambarare hii linachoma bodi. Anafika, milango inafunguliwa, kipimajoto kinachomekwa, mzigo unakataliwa.

Nani analipa? Mwenzangu huyu alikwisha kukatwa mshahara wote wa miezi miwili na tajiri wake wa zamani. Hakuulizwa nani alipakia.

Watani wa Wapare wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nathubutu kusema madereva wetu wanahitaji kidogo ya damu hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu kukatwa kiholela kwa sababu ya hasara. Lazima kosa liwe lake. Tajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Asiyeridhika anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni wangapi wanaoijua robo hiyo?

Na asiyeijua hukimbia. Malori makubwa yamewekewa kilomita 80 kwa saa, lakini mtu anayeogopa deni la samaki hatazami alama ya barabarani. Hapa Same hatuhitaji kuhadithiwa habari za barabara hii. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi kubwa na basi dogo viligongana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Lori la baridi halikuhusika, lakini barabara ni hiyo hiyo.

Kijana anayetaka kazi hii aende, ila akidai mambo mawili: mzigo upimwe joto mbele yake kabla ya lakiri, na namba hiyo iandikwe kwenye hati ya mzigo, karani atie sahihi. Kipimajoto hakigharimu kama boksi moja la samaki.

Mwenzangu alitazama saa, akachukua tochi, akaenda kuangalia kioo cha mashine. Aliondoka Dar es Salaam na 18. Kilisoma 15. Hakurudi kumalizia makande.