WATOTO WETU WASIOGOPE SAYANSI
(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Mwalimu wetu wa fizikia ametuomba jambo moja tu: kila Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, tuwaachie watoto waende shuleni kufanya majaribio ya sayansi. Hataki fedha, anataka watoto. Jumamosi iliyopita walifika saba, wasichana wawili. Wengine walikuwa shambani, wengine machungani, na wengine wamekatazwa, eti sayansi ni ya watoto wa mjini. Basi jambo hili hatuna budi tulizungumze.

Kwanza, sayansi si mgeni hapa Ufipa. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Walipanga makaa na mawe ya chuma, wakaacha matundu chini. Hewa ya moto ilipanda juu, ikavuta hewa nyingine kwa chini, moto ukawaka bila mtu kuvukuta. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha mhunzi akafua jembe. Ile ilikuwa fizikia na kemia. Na mama anayefukia majani ndani ya ntumba ili yaoze, anajua kemia ya udongo. Lakini ujuzi wa malungu ulikaa kwa mafundi wachache. Majembe ya dukani yalipoenea, tanuru zikazimika. Ujuzi usiofundishwa watoto huzikwa na wenyewe.

Pili, mtoto anayeuliza asichekwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Tanga. Wakitengeneza aiskrimu, aliweka maziwa ya moto kwenye friza, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka, lakini mgeni yule alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika habari hiyo katika jarida la fizikia. Mpaka leo wataalamu duniani wanabishana juu yake, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba. Swali la maziwa tu, ndugu zangu!

Tatu, tuangalie haja yetu wenyewe. Mashine ya kusaga ikikwama, tunasubiri fundi kutoka Sumbawanga, na akina mama wanarudi kwenye kinu. Taa ya sola ikizimika, tunaitupa. Fundi huyo kwa nini asitoke humu humu?

Nne, njia ipo. Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita pia. Mwaka huo huo 2022 Serikali ilianza kuwasomesha chuo kikuu wanaofaulu sana sayansi kidato cha sita, kwa ufadhili unaoitwa Samia. Lakini mtoto aliyeacha hisabati na fizikia njiani, mlango huo ataupita kwa nje.

Kwa hiyo tunaomba:
1. Kila mzazi amwachie mtoto saa tatu hizo za Jumamosi. Palizi ianze alfajiri au iendelee mchana.
2. Wasichana waende sawa na wavulana. Maji hata kaka anaweza kuteka.
3. Mwenye redio mbovu, baiskeli mbovu, waya au betri iliyokwisha, ampelekee mwalimu. Watoto wajifunze kwa kufungua.

Wengi wetu tumejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, baada ya jembe. Tunajua uzito wa kuanza umechelewa. Watoto wetu waanze mapema.

Jumamosi, saa tatu. Tutahesabu waliofika, na idadi tutaibandika hapa hapa ubaoni.

Katibu wa Tawi