Meza ya fundi wa kartushi

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi wanaijua lakini hawaitaji kwa sauti. Ni kazi ya kujaza kartushi nyumbani. Katika misitu yetu kuna mafundi wanaoifanya. Mwindaji anamletea fundi maganda ya bunduki kalibri 12 yaliyokwisha kupigwa, naye anayatia tena fataki, baruti na punje za risasi, ili yapigwe mara ya pili. Kartushi mpya ni ya bei kali, na nyama ya porini ni chakula cha jamaa. Sitasema kwamba fundi huyo ni mtu mbaya. Wala sitaeleza namna anavyofanya, maana hatukukutana hapa kufundishana kazi hiyo.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa namna hiyo, upande wa Walikale. Mchana alifua majembe na mapanga. Usiku, kisha kula, mama mdogo alipangusa meza, naye baba mdogo akaleta sanduku lake na taa. Sisi watoto tulisimama karibu kumtazama, tukijisikia wakubwa. Nyumba ilikuwa na meza moja tu. Asubuhi tulikula juu ya meza ile ile.

Siku moja mtoto wake wa tatu alichukua fataki chache katika kopo, akazipiga kwa jiwe nyuma ya nyumba. Alipoteza vidole viwili. Watu wa kijiji walikuja kutoa pole, wakasema ni bahati mbaya. Mwezi uliofuata wakaleta maganda yao tena, na baba mdogo akayapokea.

Lakini hatari ya baruti na fataki, kila mtu anaijua, kwa sababu inapiga kelele. Iko nyingine isiyopiga kelele, na juu ya hiyo nataka nikawie kidogo. Punje zinatoka katika madini ya risasi, ile nzito yenye rangi ya majivu inayopatikana ndani ya batiri ya gari. Fundi anaiyeyusha juu ya moto wa makala. Mara nyingi anatumia sufuria iliyokuwa ya jikoni, na wakati mwingine sufuria hiyo inarudi jikoni. Moshi wake unaingia kifuani. Vumbi lake linakaa juu ya meza, chini sakafuni, katika nguo za fundi, katika mikono ya mtoto anayetambaa na kisha kutia kidole kinywani. Mtoto mdogo anadhurika zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndio unaoharibika kwanza. Anakuwa mzito wa kusikia mafundisho, anakasirika bure, tumbo linamwuma, damu inapungua. Mama anafikiri ni minyoo. Jirani anafikiri ni uchawi, na hapo ugomvi mwingine unazaliwa. Kama risasi imekuwa nyingi mwilini, mtoto anashikwa na kifafa na kufa.

Hayo si maneno ya kutisha watu tu. Karibu na mji wa Dakar, kule Senegal, pahali panapoitwa Thiaroye-sur-Mer, watu walikuwa wanachekecha mchanga uliochanganyika na risasi ya batiri nzee, wapate kuiuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa pale. Katika mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sababu wazazi walisaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya nyumba zao. Wazazi hao hawakuwa wanatafuta vita. Walikuwa wanatafuta franka za chakula, kama sisi.

Basi mama anayenisikiliza, kama nyumbani kwako risasi inayeyushwa, ondoa sufuria ile katika vyombo vya chakula leo. Usifagie vumbi likiwa kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Nawisha watoto mikono mbele ya kula. Na ukimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, umwambie mganga ukweli kwamba kuna risasi nyumbani, usione haya. Asipojua, hawezi kutafuta ugonjwa huo.

Kijana mmoja aliniuliza: Mbona huko Marekani watu wanajaza kartushi nyumbani kwao kama mchezo tu? Ni kweli. Kule wako wengi wanaopenda kulenga shabaha, nao wanajaza masasi yao wenyewe siku za mapumziko. Sheria inawaachia, mradi wasifanye ya kuuza bila ruhusa. Wananunua baruti ya kiwanda, wanafuata vitabu vinavyoonyesha kipimo, na wanaonywa wasiwe na moto wala sigara karibu. Mwenye akili anatenga chumba na kukifunga kwa ufunguo. Hata hivyo wako wanaopasukiwa na bunduki mikononi.

Sasa angalia kwetu. Waliokaa Bulengo ao Kanyaruchinya mbele ya Januari 2025 wanakumbuka namna shitingi zilivyogusana, na mbabula za makala zikiwaka mlangoni. Ni chumba gani kitakachofungwa kwa ufunguo hapo? Moto ukishika shitingi moja, zinateketea nyingi. Kartushi ikiingia motoni inapasuka hata bila bunduki, na vipande vya ganda vinaruka usoni mwa wanaokuja kuzima. Hata jeshi lenye walinzi limeshindwa: tarehe 4 Machi 2012 moto ulishika bohari ya silaha huko Mpila, Brazzaville, ng'ambo ya mto kwa jirani zetu, na zaidi ya watu 200 wakafa, maelfu wakakosa nyumba.

Narudi kwa baba mdogo, maana habari yake haikuishia katika vidole vya mtoto.

Zamani wateja wake walikuwa wawindaji, na aliwajua kwa majina. Vita ilipoingia, walianza kuja watu wengine, usiku, wasiosema wametoka wapi. Hawakuleta nyama wala franka. Walileta maganda na kusema, tutarudi kesho kutwa. Alijaza. Angefanya nini? Kisha wakaja wa kundi la pili, waliokuwa wanapigana na wale wa kwanza, wakauliza swali moja: Wewe ndiye unayewapa masasi? Usiku ule jamaa yote ilitoka kupitia shamba la mihogo, bila kubeba hata godoro. Watu wakiuliza ni nani aliyemfukuza baba mdogo, wengine wanataja kundi hili, wengine lile. Yeye mwenyewe anasema: Ni meza yangu.

Kwa hiyo nasema nanyi wazee na mashefu. Sheria ya nchi yetu juu ya silaha na masasi, ya tarehe 3 Septemba 1985, inaweka kazi hii chini ya ruhusa ya Serikali. Tena kuna Mkataba wa Kinshasa, uliokubaliwa na nchi za Afrika ya Kati tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017. Mkataba huo hautaji bunduki peke yake. Unataja na masasi, na vipande vyote vinavyofaa kuzitengeneza. Sheria iko. Lakini shefu akimkamata fundi mbele ya watu wote sokoni, amefanya nini? Amewaonyesha wenye bunduki kwamba fundi atasema majina yao. Huenda amemhukumu kufa. Na shefu anayedai mbuzi ili anyamaze, huyo naye amekuwa mshirika katika kazi.

Mimi naona inafaa kwenda kwake mchana, kama mtu anayepeleka jembe lililovunjika. Keti. Zungumza na mke wake pia, kwa sababu yeye ndiye anayepangusa meza. Usiulize anamjazia nani. Jibu la swali hilo linaweza kuwaua wote wawili. Uliza tu kazi hii inampa shilingi ngapi, na ni kazi gani nyingine mikono yake inaweza kufanya. Anayejua chuma hakosi kazi mtaani. Majembe yanavunjika, baiskeli na vikuduku vinahitaji vyuma, kila nyumba inataka mbabula. Kinachokosekana ni wateja wanaolipa, na hapo kamati ya mtaa inaweza kumpa kazi yake ya kwanza.

Namna hii imejaribiwa. Msumbiji, tangu 1995, Baraza la Wakristo la nchi ile lilipokea bunduki na kutoa majembe, cherehani na baiskeli, na mafundi wa Maputo wakakata vyuma vile vya bunduki na kufanya viti na sanamu. Hapa kwetu Katanga, shirika PAREC lilitoa baiskeli kwa bunduki. Si kila mtu aliyeleta. Wengine walileta ile nzee na kubakisha nzima. Najua.

Baba mdogo sasa anatengeneza mbabula kwa mabati ya mapipa. Anasema faida ni ndogo kuliko ya kartushi, na simbishii, nimeona hesabu yake.

Liko jambo moja linalomnyima usingizi. Usiku wa kukimbia alizika sanduku lake nyuma ya nyumba, karibu na mgomba. Kuna baruti ndani, na fataki. Wakirudi, mtoto wa mtu atapiga jembe pale. Ilimchukua miaka kusema. Mwisho alimwambia shefu wake, naye shefu akapeleka habari kwa watu wanaoondoa mabomu, pamoja na mchoro wa nyumba, mgomba, na njia ya kwenda mtoni. Wako wengine wanaonisikiliza walioacha kitu cha namna hiyo nyuma, ao walioona baba yao akizika. Msirudi kukifukua wenyewe. Msikitupe katika choo wala mtoni, wala msikichome. Chukueni karatasi, mchore pahali, mmpe mtu mnayemwamini katika kamati yenu, mbele ya siku ya kurudi.