Sahihi ya Mzee na Kazi ya Kijana

(Hotuba ya Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kahawa Sukari)



Nimeombwa niseme machache juu ya barua ambazo vijana hutuletea tuzitie sahihi wanapoomba nafasi vyuoni. Kwanza yafaa niwaondolee wazazi hofu. Kijana anayepangiwa na KUCCPS chuo kikuu cha humu nchini, hata hiki cha Kenyatta tulichopakana nacho, hapimwi kwa uongozi. Hupangwa kwa alama za KCSE na masomo aliyoyachagua. Barua yetu haimwongezei hata nukta.

Wanaoulizwa habari hizo ni wale waombao vyuo vya Marekani, na wengi waombao misaada ya karo. Fomu itumiwayo na vyuo vingi vya Marekani, iitwayo Common Application, ina nafasi 10 za shughuli zilizo nje ya masomo. Kila shughuli huelezwa kwa herufi zisizozidi 150, na mwombaji hutakiwa kutaja ni saa ngapi kwa juma, na majuma mangapi kwa mwaka. Hapo ndipo cheo kitupu huumbuka.

Wazee wangu, nakiri kosa langu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alinijia na maneno ya kupiga chapa, kwamba amekuwa mwenyekiti wa vijana wetu kwa miaka miwili. Nilijua kwamba alihudhuria mara tatu. Nikapiga chapa hata hivyo, na mzee mmoja akatia sahihi kwa wema wake. Siku ya mahojiano aliulizwa: wenzako walipogombana juu ya fedha, ulifanya nini? Akanyamaza. Msaada aliukosa, na mwaka uliofuata, walipouona muhuri wetu kwenye barua ya binti mmoja, walituma mtu kuja kuuliza kama ni kweli.

Bahati njema, ya binti ilikuwa kweli. Lakini yeye naye alikuwa amekaribia kujinyima. Kila Jumamosi aliwasomesha watoto wa jirani, na jioni aliwalea wadogo zake mama yao akiwa sokoni. Hayo hakuyaandika, kwa kuwa, alisema, hakuna aliyemchagua. Nilimwonyesha kwamba fomu ile ile inayo sehemu ya majukumu ya nyumbani. Akaandika idadi ya watoto, na jinsi alivyobadili saa za masomo walipoanza kupungua. Mimi naona huo ni uongozi kuliko viti vyetu vya mbele.

Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka 1966, humtaka kijana aonyeshe kumbukumbu za kazi yake ya miezi mingi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Naomba mkutano ukubali kwamba barua isitiwe sahihi kabla wazee wawili hawajatazama daftari la mahudhurio. Liko mezani pangu, na kulisoma hakuchukui robo saa.