Kazi ya Sindano Nayo Ihesabiwe Saa

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa wanachama na jamaa zao, Ziwani, Nairobi)



Nimeombwa niseme habari za kazi ninayoifanya baada ya kazi. Mchana mimi ni mtu wa reli: nashona viti vya mabehewa na kutengeneza vile vilivyopasuka. Jioni na siku ya Jumamosi, hapa Ziwani, nashona mifarishi ya viraka na kuwafundisha wengine. Mwenzetu mmoja aliponiona kwenye orodha ya wasemaji aliniuliza, "Mambo ya blanketi yahusu nini Chama?" Swali lake ni zuri, na maneno yangu yote ya leo ni jibu lake. Nasema hivi: kazi ya mikono ifanywayo nyumbani ni kazi kama ile ya karakana, na saa zake zisipohesabiwa, mwenye kuifanya atapunjwa siku zote, hata na mtu ambaye hakukusudia kumpunja.

KWANZA: MFARISHI NI KITU GANI

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu ni viraka vilivyounganishwa, katikati ni blanketi kuukuu, na chini ni shuka. Tabaka hizo hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo, ili ya katikati isihame ikafanya mavimbe. Hapa Ziwani wengi huuita blanketi la viraka, wala si kosa.

Kila mwenye watoto mjini hapa anajua baridi ya mwezi wa Julai. Katika nyumba ya chumba kimoja, wazazi hulala kitandani na watoto hulala chini, na baridi ya sakafu hupita kwenye mkeka. Mfarishi mmoja hutandikwa chini, mwingine hufunika juu, na mtoto hulala mpaka asubuhi.

Vitambaa twavipata karibu. Gikomba ni mwendo wa miguu, na huko hupatikana mitumba iliyokosa wanunuzi, kama shati lenye doa au sketi iliyopasuka zipu. Mafundi wa cherehani nao hutuuzia vipande wanavyobaki navyo. Tena ziko ovaroli zetu wenyewe. Ovaroli huisha magotini na viwikoni, lakini mgongo wake hubaki mzima.

PILI: JINSI TUNAVYOFUNDISHANA

Twakutana Jumatano jioni, na Jumamosi kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja. Wanafunzi ni 13: akina mama 11 na vijana wa kiume 2. Wale vijana walichekwa sana mwanzoni. Siku hizi wale waliowacheka huwaletea suruali zao zitiwe viraka.

Somo la kwanza si kushona, bali ni kufua na kuchagua. Kitambaa cha pamba kisichofuliwa kwanza hupungua baadaye, kikauvuta mfarishi wote ukakunjamana. Kikiisha kukauka twakiinua mbele ya mwanga na kukivuta kwa mikono miwili. Kikionyesha mwanga kama chandarua, hicho kimekwisha kazi.

Somo la pili ni kipimo. Twatumia kadibodi yenye inchi 7 kila upande. Nusu inchi huingia katika mshono kila upande, kiraka kikabaki na inchi 6. Mfarishi wa futi 4 kwa futi 6 huchukua viraka 96: viraka 8 kwa upana na 12 kwa urefu. Wanafunzi wapya hudhani kwamba kukosea kidogo si neno. Basi nawaandikia ubaoni: ukikosea thumuni moja tu ya inchi katika kila kiraka, mstari wa viraka 12 utakosa inchi moja na nusu, na mistari yako haitakutana. Mtu wa reli anaelewa upesi jambo hili.

Baada ya hapo huja uzi. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, maana uzi mrefu hujifunga mafundo na kukatika. Kidole cha kusukumia sindano huvaa kile kikofia cha chuma ambacho watu wa pwani hukiita kastabini. Asiyekivaa kwa kiburi atakivaa juma la pili, kidole kikiisha kuvimba.

Yuko mama mmoja auzaye mboga huko Kariokor. Alipofika alisema macho yake hayaioni tena tundu ya sindano. Tukamwomba apange rangi tu. Leo hakuna mfarishi unaoshonwa kabla yeye hajautandaza chini na kuhamisha viraka vyake. Ajua rangi ipi hulala vizuri karibu na ipi, labda kwa sababu ya kupanga nyanya na mboga mezani kwa miaka mingi. Basi mtu asiseme, "Mimi siwezi," kabla kazi yake haijatafutwa.

TATU: HESABU

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwenye duka mmoja alikuja kutuona. Akaisifu mifarishi yetu, akasema atanunua yote tutakayoshona, kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Akina mama wakafurahi, maana shilingi 2,000 zikitiwa mkononi kwa mara moja si kitu kidogo. Mimi nikasema, "Tungoje Jumatano, tuandike ubaoni." Tukaandika hivi, kila mtu akisema saa zake:

Kuchagua, kufua na kupiga pasi: saa 3
Kukata viraka 96: saa 4
Kuunganisha viraka kwa cherehani: saa 8
Kupanga tabaka na kupiga bandi, yaani kuzishikiza kwa mishono mirefu: saa 2
Kushona tabaka tatu pamoja kwa mkono: saa 15
Kuzungushia upindo: saa 4
Jumla: saa 36

Kisha tukaandika gharama: vitambaa shilingi 350, blanketi la katikati 350, shuka ya chini 300, na uzi, sabuni, makaa na sindano 300. Jumla shilingi 1,300.

Toa 1,300 katika 2,000, zabaki 700. Gawanya 700 kwa saa 36. Hazifiki shilingi 20 kwa saa. Chumba kizima kilinyamaza.

Tukaipima hesabu hiyo na sheria. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Kwa juma la saa 52, hizo ni kama shilingi 71 kwa saa. Basi saa 36 za mshonaji ni shilingi 2,556. Ongeza gharama 1,300, wapata shilingi 3,856. Hapo mshonaji ni sawa na kibarua wa kima cha chini kabisa, ambacho sisi sote twajua kuwa hakitoshi, na faida bado hajaiona hata senti moja.

Tukamwambia mnunuzi bei yetu ni shilingi 3,900. Akajibu kwamba akina mama hawa hushona wakiwa nyumbani, wakati wasio na kazi nyingine. Ndugu zangu, ni mama gani wa Ziwani asiye na kazi nyingine saa mbili za usiku? Saa ya mama ina dakika 60 kama saa ya mhandisi.

Mnunuzi akaenda zake. Baada ya majuma mawili, wawili katika darasa letu walimpelekea mifarishi yao kwa bei yake ya shilingi 2,000. Mmoja wao ni yule mama wa mboga. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sitamlaumu, na naomba hapa asiwepo mtu wa kumlaumu. Mwenye njaa hawezi kungojea bei. Lakini twajua maana yake: wawili wakiuza kwa 2,000, wale 11 hawawezi kusimama kwenye 3,900. Sisi watu wa Chama tumeyaona mambo hayo katika migomo. Mwenzako huvunja safu kwa sababu nyumbani hamna unga, na mara nyingi moyo wake bado uko nanyi.

NNE: WENGINE WALIFANYAJE

Tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Mji wa Ahmedabad, India, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na chama cha wafanyakazi wa viwanda hivyo kilikuwa na idara ya wanawake, chini ya mwanasheria Bibi Ela Bhatt. Mwaka 1972 wanawake wachukuzi wa mizigo, wachuuzi na washonaji wa nyumbani waliunda chama chao kiitwacho SEWA. Mwandikishaji wa serikali akakataa kwanza. Aliwaambia hawana mwajiri, sasa chama chao kitagombana na nani? Wao wakajibu kwamba chama ni umoja wa wafanyakazi, wala si lazima kiwe cha kugombana na mtu. Kikaandikishwa mwaka huo huo.

Miongoni mwa washonaji wake walikuwamo wanawake walioshona vifuniko vya mifarishi kwa makombo ya viwandani, yaitwayo huko chindi. Wafanyabiashara waliwapa makombo na kuwalipa kwa kila kifuniko. Katika miaka ya 1970 walidai nyongeza, na baadhi yao wakanyimwa kazi. Ndipo wakaanzisha ushirika wao wenyewe, wakashona na kuuza wenyewe.

Huko Marekani nako, katika jimbo la Alabama, wanawake weusi walianzisha mwaka 1966 ushirika wa washonaji wa mifarishi, Freedom Quilting Bee. Huo ulikuwa wakati ambapo mtu mweusi wa huko aliyejiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa shambani. Mwaka 1969 walijenga nyumba yao ya kushonea, na ushirika ukaendelea mpaka mwaka 2012. Mashariki na magharibi, dawa ilikuwa moja.

TANO: TUNAOMBA NINI

Sikuja kuomba sadaka. Naomba mambo manne.

La kwanza, ovaroli kuukuu msizitupe. Zifueni, mtuletee.

La pili, kila mume mwenye mke mshonaji aandike saa zake kwa juma moja, kama vile karani anavyoandika zetu. Asibishane naye, aandike tu.

La tatu, tumeanza mfuko. Kila mwanafunzi hutoa shilingi 50 kwa juma, yaani shilingi 650 kwa watu 13. Mwenye shida hukopa, na hurudisha mfarishi wake ukiuzwa. Yule mama wa mboga ndiye mtunza fedha, na tulimchagua sote. Twaomba tawi lituongoze namna ya kuandika vitabu vizuri.

La nne, twaomba Katibu atusomee sheria. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema kwamba mfanyakazi alipwaye kwa kipande alipwe kazi ikiisha au mwisho wa mwezi, lolote litanguliapo. Sasa mnunuzi akimpa mama kitambaa chake, kipimo chake na siku yake, je, huyo mama ni mwuzaji au ni mfanyakazi wake? Swali hilo ni la Chama kulijibu, kabla mnunuzi hajalijibu apendavyo.

Mifarishi 9 iko tayari sasa, na bei yake ni shilingi 3,900. Hatujapata mnunuzi bado. Atakayeuliza kwa nini ni ghali, mwonyesheni ubao wetu. Saa zote 36 zimeandikwa.

Umoja ni nguvu.