Jina la Mtunzi ni Haki Yake: Juu ya Kutafuta na Kusoma Uandishi Huru wa Muziki

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa parokia za katikati ya jiji, Dar es Salaam



Ndugu wapendwa, viongozi wa halmashauri za walei, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, wanakwaya, na ninyi nyote mliojitoa kufika:

Katika vikao vyetu tumezoea kuzungumzia mirathi ya wajane, ujira wa watumishi wa majumbani, na machinga wanaoondolewa mitaani pamoja na mali zao. Leo tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la starehe tu, yaani maandishi juu ya muziki. Ni nani huyaandika kwa uhuru, hupatikana wapi, nasi yatupasa kuyasoma kwa jinsi gani? Tunaomba mtuvumilie, kwa maana ndani ya jambo hili limo suala la haki ya mfanyakazi.

1. Kwa nini tuzungumzie muziki?

Tukipita Mtaa wa Kongo au Barabara ya Msimbazi siku ya Jumamosi, tunasikia nyimbo kutoka kila duka. Kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi anazo nyimbo maelfu, za zamani na za leo. Tukimwuliza ni nani aliyetunga wimbo unaolia, ni nani aliyepiga gitaa, na ulirekodiwa mwaka gani, huenda akatutajia jina la mwimbaji. Mengine hayajui, wala hatumlaumu, kwa sababu wimbo ulimfikia bila maelezo hayo. Wimbo huo umempatia riziki mwenye redio, mwenye baa, mwenye daladala na mwenye kibanda. Aliyeutunga hata jina lake halikubaki.

Tuchukue mfano wa mtu wa mitaa hii hii. Marijani Rajabu alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Aliimba na Safari Trippers, kisha na Dar International, akapewa jina la Jabali la Muziki. Wimbo wake wa Zuwena unajulikana hata na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi yake ilikuwa imevunjika kwa kukosa vyombo, naye akawa anajitafutia riziki kwa kuuza kanda za nyimbo zake kwenye kibanda kando ya nyumba yake hapa Kariakoo. Alifariki tarehe 23 Machi 1995. Nyimbo zake zilikuwa zinapigwa redioni, na kanda zake zilikuwa zinanakiliwa bila yeye kupata senti.

Waraka wa Yakobo, katika sura ya tano, unawaonya wale waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao. Mtunzi wa nyimbo naye ni mvunaji. Nasi tunajua habari za Marijani kwa sababu wapo watu waliojitaabisha kuziandika bila kutumwa na mtu. Pasipo wao tungebaki na sauti tu, na dhuluma yenyewe ingefutika pamoja na aliyetendewa.

2. Maandishi hulinda nini?

Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Bendi zilisafiri hadi Nairobi kurekodi, au zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko zilibaki kanda nyingi mno, ambazo ni hazina ya taifa. Hata hivyo, hapakuwa na utaratibu wa kumlipa mtunzi kila wimbo wake ulipopigwa. Aidha, bendi nyingi zilimilikiwa na vyama, mashirika au majeshi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alipohama, wimbo wake ulibaki ukiitwa kwa jina la bendi.

Majina ya bendi nayo yalibadilika. Bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, halafu OTTU, na leo twaijua kama Msondo Ngoma. Asiyesoma ataona majina manne, adhani ni bendi nne. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Bila mwandishi wa kufuatilia mambo haya, madai ya mtunzi au ya mjane wake yatasimama juu ya ushahidi gani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo kwayo COSOTA iliundwa, humlinda mwenye kazi. Lakini ni lazima kwanza ijulikane mwenye kazi ni nani.

Wala uandishi wa namna hii si mgeni katika Kiswahili. Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu, alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Alipofariki mwaka 1950 aliacha sauti yake katika santuri hizo. Maisha yake, umaskini wake na dharau aliyoishinda tunavisoma katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwandishi wetu mkuu kuliko wote hakuona haya kumwandikia kitabu mwimbaji.

3. Uandishi huru ni upi?

Yapo maandishi mengi juu ya muziki ambayo kwa kweli ni matangazo. Mwanamuziki, promota au kampuni hulipa, na mwandishi husifu. Mengine hujaa ugomvi na mapenzi ya wasanii, na wimbo wenyewe hautajwi. Redioni nako wanamuziki wa jiji letu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wimbo hauchezwi mpaka mtu apewe kitu kidogo. Katika hali hiyo, msikilizaji anayedhani amechagua mwenyewe, kumbe amekwisha kuchaguliwa.

Uandishi huru ni ule ambao mwandishi wake halipwi na yule anayeandikwa. Twaweza kuutambua kwa alama hizi:

Kwanza, hutaja majina. Husema ni nani aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga solo, besi na ngoma, wapi na lini.

Pili, husikiliza wimbo kabla ya kuuhukumu, ukaeleza sababu za kuusifu au kuukosoa.

Tatu, hausiti kumkosoa hata rafiki.

Nne, husema wazi fedha zake zinatoka wapi.

Tano, hujisahihisha msomaji anapoonyesha kosa.

Maandishi yenye alama tatu au nne kati ya hizi yanastahili muda wetu. Yasiyo na hata moja tuyaite kwa jina lake: matangazo.

4. Tuutafute wapi?

Tuanze na yaliyo karibu. John Kitime, aliyepiga gitaa na kuimba katika Kilimanjaro Band, inayojulikana kama Wana Njenje, kwa miaka mingi ameandika kwa Kiswahili katika intaneti, chini ya jina Wanamuziki Tanzania, habari za bendi na wanamuziki wa nchi hii. Mwenye kuandika hapo ni mtu aliyekuwamo jukwaani.

Kisha tusome maelezo yanayoambatana na santuri na sidii. Mfululizo uitwao Zanzibara, unaotolewa Ufaransa na Buda Musique, umekusanya taarabu na muziki wa dansi wa pwani yetu, na maelezo ya mtafiti Werner Graebner yameambatana nao. Kijitabu kidogo kama hicho mara nyingi kina majina mengi kuliko gazeti la mwaka mzima. Katika maktaba za vyuo vipo pia vitabu vya watafiti: Performing the Nation cha Kelly Askew, cha mwaka 2002, na Live from Dar es Salaam cha Alex Perullo, cha mwaka 2011, ambacho kinaeleza uchumi wa muziki katika jiji hili hili.

Njia ya tatu ni mpya zaidi, nayo ni majarida ya barua pepe. Utaratibu wake ni rahisi. Msomaji humpa mwandishi anwani yake, naye mwandishi humtumia makala kila wiki au kila mwezi. Mengi husomwa bure. Mengine huomba mchango mdogo, na mchango huo ndio mshahara wa mwandishi. Hivyo mwajiri wake ni wasomaji, si promota wala mwenye matangazo.

Umuhimu wa njia hii ulionekana mwaka 2024. Pitchfork, jarida la muziki la Marekani lililoanzishwa na kijana mmoja katika miaka ya 1990, lilikuwa limekuwa sauti kubwa, na baadaye likanunuliwa na kampuni ya Condé Nast. Januari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuliunganisha na GQ, jarida la wanaume, na waandishi kadhaa wakapoteza kazi. Mwaka huo huo baadhi yao waliungana wakaanzisha Hearing Things, linalomilikiwa na waandishi wenyewe na kutegemezwa na wasomaji. Yafanana na vyama vyetu vya ushirika: wenye jembe ndio wenye shamba.

Je, mtu atayapataje majarida ya namna hii? Tunashauri afuate mnyororo. Achague wimbo mmoja anaoupenda, atafute aliyeandika juu yake kwa kutaja majina. Akimpata, aangalie mwandishi huyo anawasoma na kuwapendekeza akina nani, kwa maana waandishi wa kweli huelekezana. Asijiandikishe kwa kumi mara moja. Awili au matatu yanayosomwa hadi mwisho yatamfaa kuliko thelathini yanayorundikana bila kufunguliwa.

5. Vikwazo

Tusijidanganye kwamba mlango umefunguka kwa wote. Kikwazo cha kwanza ni lugha: sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya Kiingereza au Kifaransa. Singeli ilizaliwa uswahilini, katika studio ndogo za vijana wetu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na baada yake wasomaji wa Ulaya walipata kusoma mengi juu ya muziki huo. Wazazi wa vijana hao hao wa Dar es Salaam wamesoma nini juu ya kazi ya watoto wao, kwa lugha wanayoielewa?

Kikwazo cha pili ni gharama ya bando. Mama muuza mboga sokoni hawezi kununua bando kwa ajili ya makala. Hapa jumuiya yaweza kusaidia: mmoja afungue makala, aichape, wengine wasome.

Kikwazo cha tatu ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kurasa zao kukata leseni, na gharama za kuanzia zilizidi shilingi milioni mbili. Mwandishi mmoja anayeandika usiku baada ya kazi angezitoa wapi? Kanuni hizo zilifanywa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Kanuni za namna hii hazina budi kusomwa na sisi raia, na kusemewa kwa utulivu pale zinapomzibia mdomo mtu mdogo.

6. Yatupasayo

Ndugu wapendwa, hatudai kwamba makala moja italipa madeni ya watunzi waliokwisha kufa. Tunasema tu kwamba jina ndilo deni la kwanza, na ndilo ambalo kila mmoja wetu aweza kuanza kulilipa bila kungoja serikali. Tujifunze kuuliza jina kabla ya kucheza wimbo harusini. Wanakwaya, andikeni jina la mtunzi juu ya kila karatasi ya nyimbo mnayoidurufu, kwa maana dhambi ya kulifuta haikai sokoni peke yake. Mwenye uwezo amchangie mwandishi anayemsoma. Na vijana wenye simu waende kwa wazee waliopiga katika bendi za Kariakoo na Ilala, wawaulize, waandike, kabla wazee hao hawajatutoka.

Mungu awabariki nyote.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

(a) Je, katika mtaa wetu yupo mwanamuziki wa zamani, au mjane wake? Ni nani amepata kuandika habari zake?

(b) Wiki iliyopita tulisikia nyimbo ngapi? Ni za ngapi tunazoweza kumtaja mtunzi?

(c) Tuchague makala moja juu ya muziki. Ina alama ngapi kati ya zile tano?

(d) Kwaya yetu inatumia nyimbo za nani, na je, watunzi wake wanajua?