KUREKEBISHA MASHINE YA TATUU

Mwalimu, tafadhali hakikisha kwamba kila mwanafunzi ameketi mahali anapoweza kuisikia redio vizuri.

Leo tutajifunza habari za mashine ndogo ya kuchora michoro katika ngozi ya mtu. Michoro hiyo huitwa tatuu. Huenda wewe hupendi tatuu. Si neno. Somo letu ni la ufundi, na mashine hii hufanya kazi kama kengele ya umeme inayolia mlangoni. Ukiifahamu moja, umeifahamu na ya pili.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 1876 Thomas Edison wa Marekani alipewa hataza ya kalamu ya umeme. Hataza ni hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu. Kalamu ile ilitoboa karatasi matundu madogo, wino ukapita, zikapatikana nakala nyingi. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly, mchoraji wa tatuu mjini New York, alipewa hataza ya mashine iliyofuata mfano wa kalamu hiyo. Baadaye mafundi wengine walitumia njia ya kengele, yaani njia ya koili.

Koili ni nini? Ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma. Umeme ukipita katika waya, kile chuma huwa sumaku. Mashine yetu ina koili mbili. Juu yake kuna kipande cha chuma. Leo tukiite nyundo. Nyundo imeshikwa na springi ya nyuma. Springi ya mbele inagusa ncha ya skrubu, na umeme hupitia hapo.

Sasa sikilizeni vema. Umeme unapita. Koili zinaivuta nyundo chini. Springi ya mbele inaachana na skrubu. Umeme unakatika, na sumaku inakwisha nguvu. Springi inairudisha nyundo juu, inagusa skrubu tena, na kazi inaanza upya. Sindano imefungwa kwenye nyundo, kwa hiyo nayo hupanda na kushuka, kiasi cha mara 100 kwa sekunde moja.

Fundi huirekebishaje? Fuateni hatua hizi.

1. Zima umeme.

2. Bonyeza nyundo kwa kidole mpaka iguse kiini cha koili ya mbele. Tazama nafasi iliyopo kati ya springi ya mbele na ncha ya skrubu. Nafasi hiyo ndiyo inayotawala mwendo wa mashine.

3. Pima nafasi. Mafundi wa Marekani wamezoea kupima kwa sarafu. Kwa mashine ya kuchora mistari hutumia sarafu ya senti 10, ambayo unene wake ni milimita 1.35. Kwa mashine ya kutia kivuli hutumia ya senti 5, ambayo ni milimita 1.95. Nafasi ikiwa ndogo, sindano huenda mbio kwa hatua fupi. Ikiwa kubwa, huenda polepole kwa hatua ndefu.

4. Zungusha skrubu kidogo tu, kisha kaza nati yake. Washa umeme, usikilize. Mlio mzuri ni wa namna moja, kama wa nyuki. Mlio ukikatika-katika, zima, upime tena. Cheche zikiwa nyingi, tazama kama ncha ya skrubu imechafuka au imelika. Huenda pia kapasita, kifaa kinachopunguza cheche, imeharibika.

5. Jaribu mashine kwenye ganda la chungwa kabla ya kumgusa mtu.

Kwa nini tunasisitiza hayo? Wino hukaa mahali pake sindano ikiingia kiasi cha milimita 1 hadi 2. Mashine ikiwa dhaifu, mchoraji hupita mahali pale pale mara nyingi, au hukandamiza mkono. Ngozi huchanika. Wino husambaa chini ya ngozi, kidonda huchelewa kupona, na kovu hubaki. Basi shikeni neno hili: kosa la mashine halisahihishwi kwa nguvu ya mkono. Simamisha kazi, shika bisibisi.

Iko hatari nyingine ambayo skrubu haiwezi kuiondoa. Sindano iliyomchoma mtu mmoja yaweza kumwambukiza mwingine ugonjwa wa ini. Kwa sababu ya hofu hiyo, mji wa New York ulipiga marufuku tatuu mwaka 1961, na haukuiondoa marufuku hiyo mpaka mwaka 1997. Kwa hiyo kila mtu na sindano yake mpya, na wino wake katika kikombe chake. Mchoraji avae glavu safi. Asiyetimiza hayo, mkatalieni, hata kama mashine yake inalia vizuri namna gani.

Sasa zungumzeni darasani juu ya maswali haya:

Ni kitu gani kinachokata umeme ndani ya mashine?
Nafasi ikiongezwa, sindano huendaje?
Mwenzako anataka kuchorwa kwa sindano iliyokwisha kutumiwa. Utamwambia nini?

Mwalimu, chagua mwanafunzi mmoja aandike majibu ubaoni, na wengine wayasome kwa sauti.