Kabla Hujanunua SSD

Msikilizaji wangu wa Igunga, kama kompyuta yako ya nyumbani inachukua dakika tatu kuwaka, usiitupe. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski ngumu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Badala yake weka SSD, diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu za memori. Hiyo haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana haisumbuliwi sana na mitikisiko ya safari.

SSD zina aina mbili za kuunganishwa na kompyuta, SATA na NVMe. Ya SATA husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Nyingi za NVMe hufika 3,500 au zaidi. Usikimbilie namba kubwa. Fungua kompyuta kwanza: nyingi za mitumba hazina tundu la NVMe, na SATA itakutosha kabisa kwa barua, hesabu za pamba na masomo ya watoto. Angalia pia SSD nyembamba za umbo la kadi, ziitwazo M.2. Nyingine ni SATA, nyingine NVMe, na kwa macho zinafanana mno. Soma lebo, ulinganishe na kompyuta yako.

Kinachoniuma zaidi ni SSD bandia. Unaambiwa terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, kumbe ndani mna memori ndogo iliyochezewa ijitaje kubwa. Ukiendelea kuijaza, picha za harusi na za marehemu mama zinapotea. Mwombe fundi aijaribu kwa programu ya H2testw kabla hujalipa, hata ikichukua saa kadhaa.

Na umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Weka nakala kwenye diski nyingine, leo hii.